Farasi aende wapi? f3 au e2, c3 au d2, na lini ukingo unafaa

Vijana wanaohamia chesi kutoka kwenye drafti nawatambua mapema. Hatua ya tatu au ya nne, farasi wao wameshafika pembeni, mmoja a3 na mwingine h3, wametulia pale kama vizibo vya soda. Na wana sababu. Kwenye drafti kete iliyoegemea ukingo hailiki, kwa kuwa anayekula lazima aruke, na nyuma ya kete hiyo hakuna pa kutua. Mtu aliyecheza drafti miaka kumi chini ya miembe ya Tabora anauona ukingo wa ubao kama ukuta wa nyumba yake, mahali pa kuegemeza mgongo.

Farasi wa chesi hapati kinga yoyote kwenye ukuta huo. Analiwa pembeni sawasawa na anavyoliwa katikati, na juu ya hapo anapoteza njia. Hesabu mwenyewe kwa kidole. Farasi aliye d4 anaweza kuruka kwenda miraba minane. Aliye f3 au c3, minane pia. Aliye e2 au d2, sita. Aliye a3 au h3, minne. Aliye kona kabisa, kama a1, miwili tu. (Kwa anayeanza: herufi a hadi h zinahesabiwa kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na namba 1 hadi 8 zinatoka kwake kwenda kwa mweusi.)

Sisi wa huku hatuhitaji mfano wa mbali. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ukishuka stesheni ya Tabora, unaweza kuendelea Mwanza, unaweza kurudi Dar es Salaam, unaweza kwenda Kigoma, na wa Mpanda mtaachana naye Kaliua. Ukishuka stesheni ya Kigoma, reli imekwisha, mbele yako ni ziwa. Farasi wa katikati ni Tabora, farasi wa ukingoni ni Kigoma. Siidharau Kigoma hata kidogo, na nitairudia baadaye, kwa sababu mtu hafiki Kigoma kwa kupita njia. Anafika akiwa na jambo lake: dagaa, mawese, au meli ya kuvuka. Farasi naye akienda ukingoni awe na jambo lake.

Lakini ingekuwa ni kuhesabu miraba tu, makala haya yangeishia hapa. Ugumu unaanza pale farasi wa d2, mwenye miraba sita, anapokuwa bora kuliko wa c3 mwenye minane. Nimecheza na kufundisha barazani kwa muda wa kutosha kuamini kwamba swali la kwanza halimhusu farasi mwenyewe. Linamhusu askari aliye mbele ya ule mraba unaoutaka: je, askari huyo ana safari?

f3, e2 au h3

Kwa farasi wa upande wa mfalme, f3 ndiyo chaguo la kawaida, na wewe unayeanza usione haya kuicheza kila siku. Kutoka f3 anaangalia e5 na d4, yaani katikati. Anamfungulia mfalme njia ya kujificha upande ule, na mfalme akishajificha g1, farasi huyo huyo analinda h2, mraba ambao washambuliaji wanaupenda sana. Mweusi akiwa ameweka askari wake e5, farasi anatua f3 huku tayari anamtishia. Umetoa kete na umemlazimisha mwenzio ajibu, kwa hatua moja.

Nguvu ya farasi wawili walio f3 na c3 naionyesha kwa mtego wa Mfaransa wa karne ya 18, Légal, aliyekuwa mwalimu wa Philidor, mchezaji mkubwa wa chesi wa zama hizo. Panga ubao ufuate; herufi na namba peke yake ni hatua ya askari. Mweupe e4, mweusi e5. Farasi f3, mweusi askari d6. Askofu mweupe c4, askofu mweusi g4, sasa farasi wa f3 amebanwa mbele ya malkia wake, yaani akiondoka malkia ataliwa. Mweupe farasi wa pili c3, mweusi anasogeza askari g6 bila kufikiri sana. Hapo farasi aliyebanwa anaruka na kula e5, anamwacha malkia wazi. Mweusi akimla malkia kwa tamaa, askofu anakula f7, cheki. Mfalme anakimbilia e7, na farasi wa c3 anatua d5: chekimeti. Mweupe hana malkia, ila farasi wawili wako bega kwa bega, e5 na d5, na mfalme hana pa kukanyaga. Nimewahi kuona baraza zima likinyamaza kwa mtego huu, watu wanarudisha kete nyuma mara tatu kutafuta mfalme angetokea wapi.

e2 basi ni ya lini? Pale askari wa f anapokuwa na kazi. Chukua mpango wa mweupe unaoitwa Sämisch, dhidi ya mpangilio wa mweusi unaoitwa Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme: askari wako c4, d4, e4, na yule wa f amesogea f3 ili kushika e4 kwa nguvu. Mraba wa f3 umeshakaliwa. Farasi anakwenda e2, na hapo hapungukiwi kitu, kwa kuwa askari wa f3 amechukua kazi yake ya kulinda katikati. Gharama ni kwamba farasi wa e2 anamzibia askofu wa f1, ambaye itabidi asubiri farasi asogee tena. Nimeona michezo mingi ya vijana ikifia hapo: farasi e2, askofu amelala f1, mfalme bado e1, na mweusi ameshafungua katikati.

Kuna e2 nyingine ninayoipenda zaidi, ya ndugu kumsaidia ndugu. Mweupe d4, mweusi farasi f6. C4, mweusi e6. Farasi c3, askofu mweusi b4. Huu ndio ufunguzi wenye jina la Nimzowitsch. Askofu wa b4 amembana farasi wa c3, na anatishia kumla ili mweupe abaki na askari wawili kwenye safu moja, mmoja nyuma ya mwingine. Mweupe anaweza kujibu e3, kisha farasi wa pili e2. Sasa askofu akila c3, farasi wa e2 ndiye anayelipiza, askari wanabaki wamenyooka. Mweupe akisogeza a3, askofu lazima aamue. Ukimweka farasi huyu f3 badala ya e2 si kosa, wakubwa wengi hucheza hivyo, lakini ujue unakubali uwezekano wa askari wako kupandana.

h3 nitaipitia haraka. Ina maana ikiwa f3 imekaliwa na askari na farasi anapita tu kuelekea f2 au f4. Kama askofu mweusi wa c8 ana njia iliyo wazi, atakuja kumla pale pale, utalipiza kwa askari wa g, na mbele ya mfalme wako patabaki pengo. Kama huna mpango wa hatua ya pili, usiende h3.

c3 au d2

Hapa ndipo watu wanapotofautiana, na ndipo penye utamu.

Reli yetu ya zamani ni ya njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana katikati ya pori, moja inasubiri stesheni hadi nyingine ipite. Safu ya c ni hivyo hivyo. Farasi akitangulia kutua c3, askari wa c2 amekwama nyuma yake. Kwenye michezo inayoanza kwa d4, askari huyo ndiye mwenye safari muhimu kuliko kete zote za upande ule: anatakiwa afike c4 akaitikise d5. Kwa hiyo mweupe d4, mweusi d5, usikimbilie kumtoa farasi c3. Sogeza c4 kwanza, hiyo ndiyo Gambiti ya Malkia (gambiti ni kumtoa askari kama chambo), kisha farasi c3 nyuma yake. Kete ni zile zile, mfuatano tu umebadilika, na tofauti yake ni kubwa. Farasi akiwa c3 nyuma ya askari wa c4, wawili hao wanaisukuma d5 pamoja. Farasi akiwa c3 mbele ya askari wa c2, anaisukuma peke yake, na mweusi anakaa raha.

Mweusi naye ana shida hiyo hiyo upande wake. Akikataa gambiti kwa e6, farasi wake wa b8 atamani c6 au d7? c6 inavutia macho. Lakini askari mweusi wa c anahitaji siku moja kufika c5, kwa sababu bila c5 mweusi anabanwa hadi anakosa pumzi. Kwa hiyo farasi anakwenda d7. Pale anamzibia askofu wa c8, na hilo ni deni la kweli, askofu huyo huteseka kwenye ufunguzi huu. Nikilinganisha hasara mbili, askofu aliyechelewa na askari asiyeweza kutoka kabisa, nachagua askofu achelewe.

Ukianza kwa e4 hesabu inageuka. Baada ya mweusi kujibu e5, au c5 ya Kisisili, askari wako wa c mara nyingi hana haraka, na farasi c3 ni sawa tu. Mtihani wa kweli ni Ulinzi wa Kifaransa: e4, e6, d4, d5. Askari wako wa e4 anatishiwa. Unamlinda kwa farasi c3 au kwa farasi d2?

Farasi c3 analinda e4 na papo hapo anaibana d5. Malkia bado anaiona d4, askofu wa c1 yuko huru. Ni hatua yenye nguvu. Bei yake ni askofu mweusi kuja b4 na kumbana farasi mbele ya mfalme. Hapo mchezo unawaka, askari wako wa upande wa malkia huenda wakapandana, na anayejua njia zaidi ndiye anayepona.

Farasi d2 analinda e4 lakini haigusi d5. Anamzibia askofu wa c1. Anamzibia na malkia, hivyo d4 inapoteza mlinzi, na ndiyo maana mweusi mara nyingi hujibu c5 mara moja. Unapata nini basi? Askofu mweusi akija b4, unamfukuza kwa askari c3, na askari wako wanabaki wamenyooka kama mstari wa gwaride. Mpangilio huu una jina la Tarrasch, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa zama zake, ambaye pia anatajwa sana kwa onyo lake dhidi ya farasi wa ukingoni. Mtu mwenye onyo hilo aliona d2 inatosha, na mimi hilo linanipa moyo kuipendekeza.

Ushauri wangu hautegemei ipi ni bora kwa mabingwa. Unategemea wewe unacheza mara ngapi. Kama una muda wa kukaa na kusoma mistari ile, chukua c3, itakupa nafasi ya kushambulia. Kama unacheza Jumapili mchana baada ya shughuli zote za wiki, chukua d2. Utakuwa na faida ndogo zaidi, lakini mpinzani hatakushtua kwa jambo alilolikariri usiku wa jana.

Kuna safari moja ya d2 ambayo kila mtu anapaswa kuicheza angalau mara moja. Kwenye ufunguzi wa Kihispania au wa Kiitalia, mweupe akiwa ameweka askari c3 na d3, mfalme ameshajificha, ngome imesogea e1. Farasi wa b1 anakwenda d2, anapita f1 palipoachwa na ngome, anatokea g3, na sasa anaitazama f5 mbele ya mfalme mweusi. Hatua tatu kwa farasi mmoja, wakati kila mwalimu anakuonya usisogeze kete moja mara nyingi mwanzoni. Inawezekana kwa sababu katikati pamefungwa, askari wamekabana, hakuna anayeweza kukuvamia ukiwa njiani. Katikati pakiwa wazi, ziara hiyo itakuponza.

Lini ukingo unafaa

Kijana mmoja anayeuza asali karibu na tunapochezea alikuwa ameyashika maneno yangu vizuri mno. Nilikuwa nimemkatazia ukingo mwezi mzima. Siku hiyo ana kete nyeusi, na mchezo ukaenda hivi: e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, kisha farasi wa mweupe akaruka g5, akiitazama f7 pamoja na askofu. Akajibu d5, sawasawa kabisa. Mweupe akala d5. Sasa mweusi ana farasi wawili wa kuchagua: wa f6 amle askari wa d5 na kukaa katikati, au wa c6 aende a5, ukingoni. Alifikiri, akamshika wa f6, akala d5.

Farasi mweupe akala f7. Mfalme akalazimika kumla farasi huyo. Malkia mweupe f3, cheki. Ili asimpoteze farasi wa d5, mfalme akapanda e6, katikati ya ubao, kete nyingi bado zipo. Farasi mweupe wa pili akaja c3, na sasa d5 inapigwa na askofu, malkia na farasi kwa pamoja, huku farasi mweusi amebanwa mbele ya mfalme wake. Haikuchukua muda akashindwa.

Nikamwambia angempeleka yule mwingine a5. Akanitazama. "Kaka, si ulisema pembeni hapana?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimempa nusu ya somo. Tukarudisha kete nikamwonyesha. Farasi wa a5 anampiga askofu wa c4, na askofu ndiye nusu ya lile tishio la f7. Askofu anatoa cheki b5, mweusi anaweka askari c6, wanalana hapo, askari wa b anakaa c6 na askofu anasukumwa tena. Kisha mweusi anasogeza h6 na farasi wa g5 naye anarudi f3. Mweusi amepungukiwa askari mmoja, lakini kila hatua yake imemfukuza mtu. Farasi wa a5 mwenyewe atakaa pale muda akiwa hana kazi, mara nyingi hutokea kwa kupitia b7, na hilo ni deni lazima ulijue unapolichukua. Ila ameshafanya kilichompeleka. Huyo ndiye msafiri wa Kigoma mwenye mzigo.

Tangu siku hiyo sisemi "pembeni hapana." Nauliza, "Anakwenda kuchukua nini?" Fischer, Mmarekani aliyekuwa akigombea ubingwa wa dunia, aliposogeza farasi wake h5 kwenye mchezo wa tatu dhidi ya bingwa Spassky, Reykjavík 1972, alikubali aliwe na askofu na askari wake wapandane mbele ya mfalme. Alichokitaka ni askofu yule wa Spassky atoke ubaoni na upande wa mfalme ufunguke. Akaushinda mchezo huo, na ulikuwa ushindi wake wa kwanza kabisa dhidi ya Spassky. a3 na h3 za vijana wetu hazina swali kama hilo nyuma yake. Zinatafuta ukuta.

Mchezo mmoja wenye pande zote mbili

Anayetaka kuona ulinganisho huu wote kwenye ubao mmoja aucheze upya mchezo wa 16 kati ya Karpov na Kasparov, Moscow 1985, mashindano ambayo Kasparov alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 22. Karpov ana nyeupe, ufunguzi ni wa Kisisili. Farasi wake wa g1 anapita f3, d4, b5, na askari mweusi wa a6 anamsukuma a3. Farasi mweusi wa b8 anapita c6, b4, na hatua ya 16 anatua d3, ndani kabisa ya nyumba ya mweupe, akilindwa na askofu wa f5. Kutoka pale anazifunga c1 na e1, ngome za Karpov hazina pa kupumulia.

Hatua inayofuata, farasi wa a3 anarudi nyuma, b1. Angalia vizuri: huyu ndiye aliyeanzia g1, amezunguka ubao mzima na sasa amesimama kwenye mlango wa mwenzake. Hatua ya 19 yule mwenzake, aliyekuwa c3, anafukuzwa na askari wa b4 hadi a4. Askari huyo mmoja wa b4 anawazuia wote wawili: wa b1 hawezi kupita a3 wala c3, wa a4 hawezi kurudi c3, na mraba wa b2 unaangaliwa na farasi wa d3. Farasi mmoja mwenye miraba minane na askari mmoja wamewafungia farasi wawili.

Hatua ya 34 Karpov anamla farasi wa d3 kwa malkia wake, na farasi mwingine mweusi anaingia f2 kwa cheki, ngome inamla, askofu anamchukua malkia. Hatua ya 38 farasi wa a4 anasogea b2. Hatua ya 39 yule wa b1 anapata mwanya wa kwenda d2. Hatua ya 40 Karpov anakubali ameshindwa.